Marehemu Mume Wangu Ameandika Riwaya

"Mama Winnie, hivi marehemu bado anaandika?"

Jirani yangu Justa aliniuliza hivyo mlangoni pangu, bahasha mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa akituchukulia barua za jumuiya yetu kwenye sanduku la posta la parokia. Bahasha ilitoka Dar es Salaam, na juu yake palipigwa chapa: Ndugu Obedi Malimi.

Obedi ni mume wangu. Alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Nilimjibu Justa, "Aliacha ameandika."

Maneno mawili tu. Mungu anisamehe, maana ndiyo yaliyonifikisha nilipo.

Ninyi mnaonifuata tangu mwanzo mnayajua. Kwa aliyechelewa, yako hivi. Mimi Wilhelmina, mwanamke wa darasa la saba, muuza dagaa wa hapa Ilemela, niliandika hadithi ya upelelezi. Niliipa jina *Nani Alikoroga Uji?* Niliiandika dagaa wakikauka juu ya majabali, jicho moja kwenye karatasi, jicho jingine kwa kunguru. Kisha nikaipiga chapa kwa vidole viwili, kwenye mashine aliyoniachia marehemu. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba. Walipopunguzwa kazini, aliruhusiwa kuondoka na mashine kuukuu iliyokwama herufi, akaitengeneza mwenyewe.

Mara ya kwanza niliituma kwa jina langu. Ilirudi. Nikaitazama kamba: fundo lilikuwa lile lile langu, ninalofungia magunia ya dagaa. Hawakuifungua hata. Walisoma jina la mtumaji, wakaona inatosha.

Nikachomoa ukurasa wa kwanza, nikapiga mwingine. Hadithi ile ile, nukta zile zile. Jina tu nikabadilisha. Nikaandika Obedi Malimi.

Safari hii waliifungua. Wakajibu: "Ndugu Malimi, unajua kumficha muuaji." Wakaleta na mkataba wa kutia sahihi, wakaomba na picha ya mwandishi, ya kuweka nyuma ya kitabu.

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika mkasi, nataka kuikata picha ya marehemu kwenye kitambulisho chake cha kazi.

Mkasi ule haukukata. Hodi ilipigwa.

Nilifungua nikamkuta mama mkwe wangu, Mama Paskazia, na mkoba wake wa ukili, na fimbo. Anaishi Kayenze kwa mwanawe mdogo, Mhoja. Habari za Justa zilikuwa zimefika Kayenze kabla ya gari la samaki.

Nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia Obedi ameacha maneno."

"Karibu ndani, mayu."

Huku kwetu ndivyo tunavyomwita mama. Aliingia, akaketi, akaitazama ile mashine mezani kana kwamba ni mtu.

"Mwanangu alikuwa mkimya tangu mtoto," alisema. "Akitoka shule namuuliza, leo mmefundishwa nini? Ananijibu, mengi. Basi. Mengi! Akaenda kazini, namuuliza, kuna habari gani mjini? Mengi. Akafa. Sasa nimekuja nisikie hayo mengi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mtu alikuwa mmoja, na maneno yalikuwa machache. Lakini uso wake, ndugu wasomaji. Tangu mazishi sikuwahi kuuona uso ule ukiwa hivyo. Nikasema moyoni, nani ataumia bibi kizee akifurahi?

Justa akatokea, maana Justa hualikwa na sauti ya kiti kikivutwa.

"Mama, mimi nitakusomea! Nitageuza kwa Kisukuma hapo hapo. Mama Winnie nenda zako mwaloni, dagaa hawamsubiri mtu."

Nikampa nakala ya kaboni. Nikabeba beseni langu, nikateremka ziwani. Mnisadiki: nilijua barabara muuaji wa hadithi yangu ni nani. Sikukumbuka tu kwamba naye ana mwenzake duniani.

Niliporudi, Justa alikuwa kimya. Kwa anayemjua Justa, hilo peke yake lilikuwa msiba.

Mama mkwe alikuwa ameshuka kitini. Amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, kama siku ile ya mazishi.

"Wilhelmina. Ulijua?"

"Nilijua nini, mayu?"

"Kwamba mwanangu alikufa kwa uji wa nduguye."

Beseni lilinitoka.

Niwaeleze. Katika hadithi yangu kuna karani aitwaye Fabiani. Anakwenda kumtembelea mdogo wake, anakunywa uji, anarudi nyumbani ameshika tumbo, anakufa. Inspekta anamshuku kila mtu. Mwishoni anagundua muuaji ni yule mdogo mtu, yule aliyelia kuliko wote msibani.

Na Obedi wangu? Alikwenda Kayenze kumtembelea mdogo wake Mhoja. Akanywa uji. Akarudi ameshika tumbo. Daktari akatuambia ni homa ya matumbo, imetoboa utumbo. Daktari alisema, na sisi sote tulisikia.

Mimi niliandika kwa nilichokuwa nacho. Mpishi hupika kilichomo jikoni.

"Mayu, hiyo ni hadithi tu," nilisema.

"Hadithi ya nani?"

Ona sasa. Mlango wa pili ulifunguliwa mbele yangu.

"Ya... ya Obedi."

"Basi. Mtu anayekufa hatungi. Anayekufa anasema."

Justa akadakia, "Tena kabadilisha jina tu, mama, ili asimwaibishe nduguye. Marehemu alikuwa na heshima!"

"Justa, nyamaza," nilimwambia.

"Ninyamaze vipi na imeandikwa?"

Mama mkwe akainua mkono. "Hata kilio changu alikijua. Justa, nisomee tena pale, mama wa yule mtu anapolia."

Justa akasoma: "Umeondoka mlango umeuacha wazi, mwanangu, baridi yote inaniingia mimi."

"Ndivyo nilivyolia," alisema mama mkwe. "Neno kwa neno. Alikiandika kilio changu kabla sijakilia. Mtu aliyeona hivyo ataacha kumwona muuaji wake?"

Nikainama. Nikaanza kuokota dagaa mmoja mmoja sakafuni.

"Jumamosi Mhoja anakuja kunichukua," aliendelea. "Asiniamkie. Na mimi nikifa, asitie udongo kwenye kaburi langu. Ninyi wawili ni mashahidi."

Mnaojua huku kwetu mnajua uzito wa neno hilo. Mtoto aliyekatazwa udongo wa mama yake hana ukoo. Watoto wake nao watasimama kando misibani, hawataulizwa neno, na hakuna mzee atakayeinuka kuwatetea. Mhoja ana watoto watano.

Nilikwenda kwa padre. Ya kitubio ni siri kwake, siyo kwangu, kwa hiyo naweza kuwaambia.

"Umemdanganya nani?" aliniuliza.

"Mchapishaji, baba."

"Na nani?"

"Jirani yangu."

"Na nani tena?"

"Mama mkwe. Mara mbili."

Nilidhani atanipa Rozari, nami nilikuwa tayari kusali hata za mwaka mzima.

"Rozari haitamrudishia mtu mama yake," alisema. "Nenda kaseme mbele yao wote. Na ukiulizwa, mama, usipunguze kitu. Kisha urudi hapa."

Usipunguze kitu. Nilitoka na neno hilo kama aliyemeza mwiba wa sato.

Jumamosi ikafika, na Mhoja akaja anaimba.

Nilimsikia tangu kule chini, akipanda kati ya majabali. Mkono mmoja ameshika sato wawili waliotungwa kwenye kamba ya mgomba, mkono mwingine kitu kimefungwa gazeti.

"Shemeji! Kumbe tuliishi na mwandishi mkubwa, na sisi tunamtuma sabuni dukani!"

"Karibu, shemeji."

"Kayenze hawaniachi nipumue. Wavuvi wote nimewaambia, kaka yangu amekuwa kitabu. Sasa nikipita wananiita Ndugu wa Kitabu. Nimekataa kulipia hata chai!"

Alikuwa anacheka na machozi yamemlengalenga. Akafungua lile gazeti. Ilikuwa fremu ya mninga, ameichonga mwenyewe, na kioo amekitia.

"Nimesikia wanataka picha yake. Wakishamaliza wairudishe, tuiweke humu."

Nikaipokea. Nikaiweka mezani karibu na mkataba, na mkono wangu ukabaki juu yake maana sikujua niupeleke wapi.

Mhoja akavua kofia, akamgeukia mama yake. "Shikamoo, mayu."

Mama mkwe alitazama ukuta.

"Shikamoo, mayu," akarudia kwa sauti zaidi, akainama.

Mama mkwe akaivuta fimbo yake karibu.

Akanigeukia. "Shemeji, mama anaumwa masikio?"

Justa, ambaye alikuwa amekuja tangu asubuhi kuazima chumvi, alikuwa akikagua mabati ya paa langu.

"Ulimtilia nini kaka yako kwenye uji?" mama mkwe akauliza, bado anatazama ukuta.

Mhoja akacheka kwanza. Kisha kicheko kikabaki peke yake usoni, kama mgeni aliyeachwa sebuleni.

"Uji gani, mama?"

"Aliokunywa kwako."

"Wa mtama? Mama, ule uji ulikoroga wewe."

"Nilikoroga mimi. Wewe ndiye uliyembebea bakuli."

"Mama!"

"Amesema mwenyewe. Ameandika. Jirani amenisomea."

Mhoja akamtazama Justa. Justa akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilisoma tu kilichopigwa chapa, baba."

Mhoja akapiga magoti. Mtu mzima yule, mwenye mitumbwi miwili na wavuvi chini yake, alipiga magoti sakafuni pangu, akaanza kuapa kwa kaburi la baba yake. Nikaona nisiposema sasa, sitasema tena hadi siku ya hukumu.

"Hakuandika Obedi," nilisema. "Niliandika mimi."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, karibu nipige kelele. "Niliandika mimi! Yote! Obedi hakuandika hata neno moja!"

Mnajua kilichofuata? Justa aliangua kicheko.

"Mama Winnie! Wewe? Wewe unayesoma matangazo ya jumuiya kwa kidole? Inspekta, sijui bastola, sijui alama za vidole, uvitoe wapi?"

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kofi.

"Unamfunika shemeji yako," alisema. "Ni vizuri mwanamke kuifunika nyumba aliyoolewa. Lakini usimwibie marehemu maneno yake, mwanangu. Ndiyo aliyotuachia."

Hapo nikajua kwamba uongo nilioujenga ni nyumba imara kuliko mimi. Kweli peke yake haikutosha kuubomoa. Ilinitaka nitoe na kile nilichokuwa nimekificha chini kabisa.

"Mayu," nilisema, "kile kilio. Mlango umeuacha wazi, baridi yote inaniingia mimi. Ulilia lini hivyo?"

"Si unajua? Siku ya kumzika."

"Uliwahi kuyasema maneno hayo kabla?"

"Niyasemee nini, mwanangu yu hai?"

"Na siku ile Obedi alikuwa wapi?"

Justa akaacha kutazama paa.

"Alikuwa ndani ya jeneza, mayu. Hakukusikia. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako mkekani, nimekushika kiuno usianguke. Niliyachukua kinywani mwako. Nikayaweka. Hadithi ilipofika pale, nikayapiga chapa."

Nilisikia daladala ikipiga honi kule barabarani, na kuku wakiparua uani.

"Ulinishika kiuno," alisema mama mkwe taratibu, "huku unaniibia."

"Ndiyo, mayu."

"Kwa hiyo mwanangu hakusema kitu."

"Hakusema, mayu."

"Hata haya mengi si yake."

"Si yake. Nisamehe."

Akavuta kanga, akaufunika uso. Hakulia. Afadhali angelia. Nilimnyang'anya mwanawe mara ya pili, na safari hii hapakuwa hata na wa kumshika kiuno, maana mwenye kumshika ni mimi.

Justa, kwa kuwa hawezi kimya kirefu, akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Basi yamekwisha. Baba Mhoja, inuka, umetoka salama!"

Na mimi, niwaambie ukweli, nilidhani yamekwisha. Nilihisi mabega yamekuwa mepesi. Nikawaza padre atanipokea vipi. Hata nikawazia wale sato, niwapike kwa nyanya au kwa karanga.

Mhoja aliinuka polepole, akapangusa magoti. Hakumtazama mama yake wala Justa. Alikuwa anaitazama mashine.

"Mimi ndiye niliyesema uachiwe," alisema.

Ni kweli. Baada ya matanga, ukoo ulipokaa kugawana vitu vya marehemu, baiskeli ilichukuliwa, redio ikachukuliwa, makoti yakachukuliwa. Baba mdogo mmoja akaitaka na mashine, akaiuze. Mhoja akasema, mwacheni shemeji na hiyo, itamliwaza. Wakaiacha kwa sababu yake.

"Nakumbuka, shemeji," nilisema. "Sikusahau."

"Kaka hakusema kwamba nilimuua."

"Hakusema."

"Basi amesema nani?"

"Hakuna aliyesema. Ni muuaji wa hadithi tu. Nilijaribu wengi, shemeji. Nilimjaribu bosi wa kiwanda, nikamjaribu dereva, nikamjaribu mwenye duka. Kila mmoja msomaji angemjua mapema. Hadithi hizi zinataka mtu ambaye hakuna anayemdhania. Yule anayelia kuliko wote."

"Mimi nililia kuliko wote."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa namtazama kila mtu."

"Shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Achana na hadithi. Wewe mwenyewe. Siku zile. Ulinidhania?"

Hapana ilikuwa mdomoni. Ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ningeisema tu, angechukua kofia yake, tungekula sato, mama yake angemwitikia, na dunia ingeendelea.

Usipunguze kitu.

Maana kuna siku moja, ndugu wasomaji, ambayo sijawahi kumwambia mtu, hata padre. Ni ile siku daktari alipotoka kutuambia Obedi amekata roho. Mhoja alijitupa chini pale kwenye ukumbi wa wodi, akalia hadi wauguzi wakaja kumwinua. Na mimi mjane, badala ya kulia, niliitazama mikono yake. Nilivitazama vidole. Mara moja tu, kisha nikajikemea, nikafanya ishara ya msalaba, nikaanza kulia na mimi. Miaka mitatu nilijiambia kwamba sikutazama. Kisha nikaketi kwenye mashine, na vidole vyangu viwili vikatazama kwa niaba yangu.

Sikusema ndiyo. Sikuweza kusema hapana.

Aliusoma uso wangu. Ulimtosha.

Mhoja alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu aliyepokea salamu. Akaigeuza ile fremu mezani, kioo kikaangalia chini, juu ya mkataba usio na sahihi. Sato wake akawaacha. Kofia akaivaa.

Alipofika mlangoni, mama mkwe akafunua uso.

"Mhoja!" aliita. "Marahaba! Marahaba, baba yangu, marahaba!"

Alikuwa anaitikia ile shikamoo ya kwanza.

Mhoja alikuwa ameshaanza kuteremka kati ya majabali. Hakugeuka.